Simu Ambayo Mpima Maji ya Kifua Hakuipiga

Saa mbili kasorobo asubuhi, kidirisha cha maabara kinagongwa mara mbili. Muuguzi mwanafunzi ananyoosha mkono wenye glovu. Ameshika chupa mbili nyembamba, moja ya kifuniko chekundu, nyingine cha kijivu. Ndani yake mna majimaji ya manjano yenye ukungu kidogo.

"Yametolewa saa ngapi?" anauliza mwanamke aliye ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Saa ngapi?"

"Saa moja na dakika thelathini na nane."

"Nani kayatoa?"

"Daktari wa zamu. Kitanda namba kumi na moja."

Mwanamke anaandika, anaitazama saa ya ukutani, anaandika tena. Kisha anatabasamu. "Haya, sasa tusalimiane. Umeamkaje?"

Hospitali nzima inamwita Bi Saa Ngapi. Wanafunzi humwigiza wakiwa kantini, wanabana pua na kuulizana chai imetolewa saa ngapi. Yeye anajua. Amewahi kupita nyuma yao akawajibu, "Chai hiyo imeanza kuoza, rudieni," wakaangusha vikombe. Ana miaka hamsini na nane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameitumia katika chumba hiki chenye meza ndefu ya vigae vyeupe, darubini mbili, jokofu lenye mlango unaofungwa kwa kamba, na mashine ya kuzungusha sampuli inayonguruma kama mtu anayekoroma.

Anapima damu, mkojo, makohozi, kila kinachotoka mwilini mwa mtu. Ila kuna kitu kimoja ambacho hamwachii mwingine akiwa zamu: maji ya kifua.

Kati ya pafu na mbavu, anaeleza huku akivaa glovu, kuna utando wa ngozi mbili nyororo zenye majimaji machache ya kulainisha. Mtu akipata nimonia, majimaji hayo yanaweza kuongezeka yakajaa. Mara nyingi dawa zinatosha na yanakauka yenyewe. Lakini vijidudu vikiyaingia, siku chache tu yanageuka usaha, usaha unageuka gundi, na pafu linafungwa kama mkono uliotiwa plasta.

"Tatizo ni kwamba mwanzoni macho hayaoni," anasema. "Yaliyo salama ni ya manjano, yaliyokwisha ingiliwa nayo ni ya manjano. Ukingoja mpaka uone usaha, umechelewa."

Ndiyo maana hutafutwa dalili zilizojificha ndani ya maji yenyewe. Sukari hushuka, kwa sababu vijidudu na chembe zinazopigana navyo vinaila. Uchachu hupanda. Kimeng'enya kinachovuja chembe zikifa nacho hupanda.

"Ni kama kurudi nyumbani ukakuta sukari imeisha kwenye kopo, vyombo vimevunjika, na chumba kizima kinanuka uchachu. Huhitaji kumwona mgeni ndiyo ujue nyumba iliingiliwa."

Mashine ya kupima uchachu hospitali hii haina. Inategemea sukari na kimeng'enya. Sampuli ya kitanda namba kumi na moja inachukua dakika ishirini na sita. Sukari: moja nukta sita. Ikiwa chini ya mbili nukta mbili, kwa mgonjwa wa nimonia, ni kengele. Hangoji kuchapa karatasi. Ananyanyua simu.

"Daktari, yule mama wa kitanda namba kumi na moja. Sukari ya maji ya kifua moja nukta sita, ya damu ni ya kawaida. Kimeng'enya kiko juu. Chupa ilikuwa ya kijivu, na imenifikia ndani ya dakika kumi. Narudia... Ndiyo. Utamwekea bomba? Saa ngapi?"

Anaandika jibu. Bomba la kifuani la kuyatoa maji, kabla ya saa tano. Anakata simu na kukaa kidogo, mkono ungali juu yake.

"Simu hii hii," anasema. "Ilikuwa hapa hapa siku ile. Ilikuwa inafanya kazi, sina hata hicho kisingizio."

Siku ile ni Ijumaa moja, miaka sita iliyopita.

Wakati huo hospitali ilikuwa na mbeba sampuli mmoja kwa wodi zote. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu na mdomo usiotulia, na jina lake la kazini lilikuwa Umeme. Alikuwa anapita kwenye kijia kati ya wodi na maabara kwa kasi kiasi kwamba watu walimsikia kabla ya kumwona. Alifundishwa kazi na Bi Saa Ngapi mwenyewe, ambaye enzi hizo aliitwa kwa jina lake kama watu wengine.

Alimwita dada mkubwa. Yeye alimwita mdogo wangu. Mke wa Umeme, fundi cherehani, akamwita wifi, na undugu ukakolea hivyo hivyo bila tone la damu. Mtoto wa kwanza wa nyumba ile alipozaliwa, Bi Saa Ngapi ndiye aliyekwenda kumwogesha.

"Nilimwambia siku ya kwanza: maji ya mwilini ni kama maziwa, ukiyaacha yakakaa yanaharibika," anakumbuka. "Akalishika neno hilo. Ukimsimamisha njiani umsalimie, anakujibu huku anatembea: 'Maziwa, maziwa!' Watu wakadhani ana ng'ombe."

Juma lile Umeme hakuonekana kazini. Ilisemwa ana homa. Sampuli zikaanza kuja kwa kuchechemea, mara zinaletwa na mfagizi, mara na jamaa wa mgonjwa, mara hazifiki kabisa. Maabara wakacheka. "Leo umeme umekatika," mmoja alisema, na Bi Saa Ngapi akaongeza, "Tutafute jenereta." Hakuna aliyejua kwamba tangu Jumatano Umeme alikuwa amelazwa wodi ya wanaume, na nimonia upande wa kulia. Mkewe, aliyeshinda kando ya kitanda, alidhani maabara wameshaambiwa.

Ijumaa saa tisa alasiri Bi Saa Ngapi alikwenda kunywa chai. Aliporudi, saa tisa na dakika kumi na tano, alikuta chupa ya maji ya kifua kwenye kibao cha dirishani. Kwenye karatasi yake vilisomeka namba ya jalada na jina la wodi tu. Sehemu ya saa ilikuwa tupu. Jina la mgonjwa lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa daktari, mwandiko ambao, anasema, hata aliyeuandika hausomi.

Zamu yake ilikuwa inaisha saa kumi. Mama yake mzazi alikuwa anafika stendi siku hiyo na mzigo, na alikuwa ameahidi kumpokea. Akapima haraka haraka. Sukari ikatoka chini sana.

"Nikajisemea, hii imekaa tangu asubuhi. Siku hizo hatukuwa na chupa za kijivu zenye dawa ya kuzuia sukari isiliwe. Sampuli ikikaa masaa, sukari inashuka yenyewe hata kama mgonjwa hana neno. Na wiki nzima zilikuwa zinaletwa zimelala. Kwa hiyo nikaandika: Sampuli imechelewa, rudieni."

Anavua glovu kidole kimoja kimoja.

"Lakini na kimeng'enya nilikuwa nimekipima. Kilikuwa juu mno. Hicho hakipandi namna ile kwa kukaa dirishani. Nilikiona. Nikasema, sampuli ikikataliwa imekataliwa yote, nikaiweka ile karatasi kwenye trei ya majibu. Nilikuwa nimebakiwa na dakika ishirini. Kutoka mlango huu hadi wodi ya wanaume ni hatua mia na sitini. Nimekuja kuzihesabu baadaye."

Jibu lile lilifika wodini Jumamosi. Daktari aliyekuwepo alikuwa mgeni kazini, mwisho wa wiki, peke yake na wagonjwa arobaini na wawili. Alisoma "rudieni" akapanga kurudia Jumatatu. Kwa siku mbili hizo Umeme aliendelea na dawa za sindano, akatania wauguzi, akaomba aletewe redio.

Jumatatu sindano iliingia ikatoa matone mawili ya usaha mzito. Usaha ulikuwa umejigawa vifuko vifuko kama sega la nyuki. Bomba likawekwa, halikutoa kitu cha maana. Wakati huo ndipo mtu wa wodini alipofika maabara na kusema, kwa sauti ya kawaida tu, "Hivi mnajua Umeme yuko kwetu?"

Bi Saa Ngapi alikwenda mbio. Alimkuta amekaa ameegemea mto, mdomo umekauka.

"Dada mkubwa," alimwambia, "maziwa yangu yameganda."

Alipelekwa hospitali kubwa ya rufaa, akapasuliwa kifua. Siku ya kumi na moja baada ya ile Ijumaa, akafariki. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na watoto watatu.

Msibani, Bi Saa Ngapi alikaa na wanawake, mjane akiwa katikati. Kama ilivyo misibani, mjane alikuwa anasimulia ugonjwa tangu mwanzo kwa kila aliyefika. Mara ya tatu ndipo ilipomwingia masikioni.

"Daktari alipotoa yale maji hapakuwa na wa kuyapeleka," mjane alisema. "Mume wangu akaniambia, chukua wewe, kimbia, usisimame na mtu, ni kama maziwa. Nikavua viatu. Nilikimbia na ile chupa mpaka dirishani. Hayakukaa hata dakika tano. Sikukuta mtu, nikaiweka, nikarudi kumshika mkono."

Wanawake wakaitikia kwa kuguna. Mmoja akamwambia ametimiza wajibu wake, Mungu amempenda zaidi.

"Nilihisi kama mtu kanimwagia maji ya baridi mgongoni," anasema Bi Saa Ngapi. "Ile sampuli ilikuwa mbichi. Ilikuwa mbichi kuliko zote za wiki ile. Mimi ndiye niliyeiita mbovu."

Alimweleza mkuu wa maabara wa wakati huo. Akajibiwa kwamba karatasi haikuwa na saa, na sampuli isiyo na saa hukataliwa. Utaratibu ulifuatwa. Alimweleza mumewe, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Mumewe akasema, "Mama watoto, mdomo uliponza kichwa. Yule hafufuki. Unataka kumwongezea mjane msiba wa pili?"

Akanyamaza. Alinyamaza mwaka mmoja na miezi saba. Aliendelea kumtembelea mjane, kumpelekea unga, kushonesha kwake nguo ambazo hakuzihitaji. Kila akiitwa wifi, anasema, alikuwa anasikia kama anachomwa sindano.

"Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi yangu si mjukuu, ni mtoto wa kumzaa. Analala kitandani kwangu, analia kabla sijaamka."

Jumapili moja mchana alimkuta mjane peke yake barazani, anapinda sketi ya shule. Hakukaa.

"Kuna jambo nataka kukwambia kuhusu ile chupa."

Mjane alimsikiliza huku mguu ungali kwenye cherehani. Cherehani ikapunguza mwendo, ikasimama. Bi Saa Ngapi akamaliza yote, sukari, kimeng'enya, stendi, trei.

"Ulikuwa umebakiza muda gani kazini?" mjane aliuliza.

"Dakika ishirini."

"Na wodini ni mbali?"

"Hapana."

"Simu ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

Mjane aliikunja sketi, akaikunja tena ikawa ndogo kama kitambaa cha mkononi. "Mimi nilikimbia," alisema. "Nilikimbia pekupeku mbele za watu." Halafu akasema, "Sasa ondoka."

Kwa miezi minane hawakusemeshana. Wakikutana sokoni, mjane aligeukia njia nyingine hata kama ilikuwa na matope. Kisha siku moja binti yake mkubwa alikuja maabara na ujumbe wa maneno mawili: "Mama anakuita."

"Nilikwenda. Akaniambia, 'Sijakusamehe. Ila nimechoka kukukwepa, viatu vinaniishia.' Nikataka kucheka nikashindwa. Kisha akaniuliza kama nimeyaandika mahali yale niliyomwambia. Nikasema hapana. Akasema, 'Basi bado hujasema. Umenitupia mimi mzigo ukaenda kulala. Yaandike, uwapelekee wakubwa wako.'"

Aliandika kurasa nne kwa mkono. Mumewe alizisoma, akasahihisha herufi mbili, akamrudishia. Asubuhi iliyofuata alimwekea nguo zake zimenyooshwa.

Kikao cha hospitali kilidumu saa tatu. Alipewa barua ya onyo, ambayo iko katika jalada lake hadi leo. Nafasi ya ukuu wa maabara, aliyokuwa anaitarajia, akapewa aliyekuwa mwanafunzi wake. Analisema hilo bila uchungu. "Ni haki. Na kijana mwenyewe anajua kazi."

Lakini kikao hicho hicho ndicho kilicholeta chupa za kijivu. Ndicho kilichobadilisha karatasi ikawa na kisanduku cha saa chenye ukubwa wa kidole gumba. Ndicho kilichoamua kwamba jibu la hatari halikai kwenye trei hata kama sampuli ina walakini. Mtu anapiga simu, anasema anachokijua na asichokijua, na anaandika jina la aliyepokea.

Tangu wakati huo daftari lake lina majibu ya maji ya kifua mia mbili kumi na saba. Kwa hamsini na tatu kati yake alipiga simu. Hajui wote waliishia wapi, na hataki kudai kwamba amewaokoa. "Anayetoboa kifua ni daktari. Anayekesha ni muuguzi. Mimi nasema tu namba. Ila namba isiyosemwa haina kazi."

Mwaka juzi daktari wa kifua kutoka chuo kikuu alifika kuomba sampuli kwa ajili ya utafiti. Anatafuta protini ndani ya maji hayo ambayo itaonyesha mapema kuwa vijidudu vimeingia, na ambayo haishuki wala kupanda kwa kucheleweshwa njiani. Bi Saa Ngapi alimuuliza maswali mpaka mgeni akakosa gari la kurudi. Hadi sasa amempelekea sampuli thelathini na nane. Majibu bado.

"Natamani wapate kijikaratasi, unadondosha tone pale pale kitandani, kinageuka rangi, daktari anaona, mgonjwa anaona, mke wake anaona," anasema. "Kisipitie kwa mtu anayewahi stendi."

Aliwahi kumuuliza daktari huyo swali lililomkaa rohoni. Angepiga simu Ijumaa ile, bomba likawekwa jioni, Umeme angepona?

"Akanijibu kwa uaminifu: labda. Nilimshukuru, lakini ningependa anidanganye, upande wowote. Angesema angekufa tu, ningelala. Angesema angepona, ningelia nikamaliza. Hiyo 'labda' ndiyo inayonila. Haina mwisho, haina mahali pa kuishika."

Saa tano kasoro dakika kumi, simu inalia. Ni wodini. Bomba la kitanda namba kumi na moja limewekwa, limetoa karibu lita moja, na mama ameanza kulalamika kuhusu uji. Bi Saa Ngapi anacheka. "Anayelalamikia uji ana nafuu," anasema, na anaandika saa.

Amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Kuzunguka hospitali hii kuna vituo vidogo vya afya ishirini na viwili, na vingi vinapotoa maji ya kifua huyaweka kwenye chupa yoyote iliyopo na kuyatuma na yeyote anayepita. Amekwisha omba kibali cha kwenda kimoja kimoja kuwafundisha namna ya kuyatoa, kuyafunga, kuyaandikia saa na kuyasafirisha. Dereva wa gari la chanjo amekubali kumpakia. Vitatu amevifikia tayari, siku zake za mapumziko.

Amemwomba mjane amshonee mifuko ya kubebea sampuli, yenye pamba ndani na mkanda mrefu wa kupita begani. Hakuwa na uhakika atakubaliwa. Mjane aliupokea mchoro, akauangalia, akauliza kwa nini mfuko mdogo wa kuwekea karatasi ya sampuli umewekwa ndani badala ya nje.

"Niuweke nje, kwa nailoni ya kuonekana," alisema. "Mtu asije akasema hakuona saa."

Mifuko tisa iko tayari, imetundikwa kwenye msumari barazani. Kumi na tatu bado. Mumewe anauliza kama magoti ya mkewe yatafika kituo cha juu mlimani, ambako gari la chanjo huishia nusu ya njia.

"Yatafika," Bi Saa Ngapi anamjibu. "Nitaondoka alfajiri, nitembee polepole. Safari hii hakuna wa kumpokea stendi."